NANI AFAA KUWASIMAMIA MAOFISA WA PROBESHENI NA WA USTAWI WA JAMII?



Katika mikutano miwili ya tawi letu iliyopita neno moja lilirudi tena na tena, nalo ni juu ya wasimamizi. Neno la mshahara lipo pale pale na tutalirudia, msiwe na wasiwasi. Lakini safari hii wanachama walitaka kusema juu ya yule mtu anayeketi juu ya ofisa wa probesheni au mfanya kazi wa ustawi wa jamii, anayemgawia mafaili, anayetia sahihi katika ripoti zake, na ambaye maneno yake humpandisha mtu cheo au humwacha pale alipo mpaka mvi zitoke. Wameuliza: mtu huyu achaguliwe kwa sifa gani? Na akiisha kuchaguliwa, kazi yake hasa ni nini? Maana wengine wetu wamekaa miaka 10 chini ya msimamizi, na kazi yake waliyoiona ni kuuliza mbona mtu amechelewa.

Sisi tuna maoni yetu na tutayasema wazi. Mtu ambaye hakuwahi kubeba mafaili yake mwenyewe na kuzunguka mitaa hii akitafuta mlango wa mtu, huyo hafai kuwasimamia wanaofanya kazi hiyo, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta mzima. Na wajibu wake wa kwanza, kabla ya daftari la mahudhurio na kabla ya mikutano ya wakubwa, ni kuisoma ripoti kabla haijakwenda kortini, na kumfundisha aliyeiandika.

Tutoe mfano tulioushuhudia wenyewe, nasi hatutaji ofisi wala mtu. Kijana wa miaka 19, mkazi wa mtaa mmoja wa nyumba za Baraza, alikamatwa na mtungi wa gesi usio wake. Akakubali kosa. Lilikuwa kosa lake la kwanza. Hakimu akaahirisha hukumu kwa siku 14 na kuagiza ripoti ya probesheni. Faili likamwangukia ofisa mpya, mwanamke kijana mwenye miezi 7 kazini, ambaye juma lile alikuwa na ripoti nyingine 11 za kuandika. Alikwenda mtaani mara moja, siku ya Jumanne, saa 5 asubuhi. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani aliyemkuta alikuwa mpangaji mgeni wa chumba cha nyuma, akasema hawajui watu wale. Ofisa akarudi, na kwa kuwa siku zilikuwa zimekwisha, akaandika kwamba mshtakiwa hana makao yanayojulikana wala jamaa wa kumwangalia. Msimamizi wake akapiga muhuri. Hakimu akasoma, na kijana akapewa kifungo cha mwaka 1.

Siku 4 baadaye mama yake alifika ofisini na risiti za kodi zilizofungwa katika kitambaa. Zilikuwa risiti za miaka 14, nyumba ile ile, mlango ule ule. Mama huyu huuza mboga. Hutoka saa 10 alfajiri kwenda Marikiti kununua, naye harudi nyumbani mpaka jioni. Mtu yeyote aliyefanya kazi Eastlands kwa mwaka mmoja ajua kwamba mlango wa muuza mboga haubishwi saa 5 asubuhi. Hubishwa saa 1 ya jioni, au siku ya Jumapili watu wametoka kanisani. Jambo hili halimo katika kitabu cho chote tukijuacho. Ni jambo ambalo mkubwa wa kazi humwambia mdogo wake siku ya kwanza, kabla hajampa faili.

Wakubwa walimwandikia yule ofisa mpya barua ya onyo. Chama kilikwenda naye kuijibu. Hatukusema kwamba hakukosa, kwa maana alikosa, na yeye mwenyewe alilia mbele yetu kwa sababu ya kosa lile. Tuliuliza swali moja tu: msimamizi aliposoma maneno hayo, "hana makao," je, alimwuliza alikwenda mara ngapi, na saa ngapi? Ikatokea kwamba hakuyasoma. Alipiga muhuri kwa kuwa gari la kupeleka makaratasi lilikuwa linangoja nje. Tena tukapata kujua kwamba bwana huyo alikuwa na digrii 2, na kabla ya cheo hicho kazi yake ilikuwa ya ununuzi wa vifaa katika ofisi nyingine. Hakuwahi kuandika ripoti ya korti hata moja maishani mwake. Barua ya onyo ikafutwa. Mama tulimsaidia kuandika barua ya kuomba hukumu itazamwe upya, lakini jibu lilipokuja kijana alikuwa karibu kutoka. Kwa hiyo kosa la watu wawili wenye mishahara lililipwa na mtu wa tatu asiye na mshahara.

Ndugu zetu wa viwandani na wa reli wanaosoma karatasi hii wasiseme haya ni mambo ya watu wa maofisi. Watoto wanaosimama mbele ya hakimu pale Makadara ni watoto wa Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo, Jericho, Dandora na Kayole. Ni watoto wetu. Ripoti ya kurasa 3 iliyoandikwa vizuri humrudisha mtoto nyumbani, na iliyoandikwa vibaya humpeleka gerezani akajifunze huko alichokuwa hajakijua.

Na tukumbuke kazi hii ilitoka wapi. Huko Uingereza ilianza 1876, wakati chama kimoja cha kanisa cha kupigana na ulevi kilipotuma watu wake katika korti za London kuwasemea walevi waliotaka kuacha. Mwaka 1907 ikawekwa sheria, na ofisa akapewa kazi ya kumshauri mtu, kumsaidia na kuwa rafiki yake. Hapa Kenya sheria ya probesheni iliandikwa 1943 na kazi yenyewe ikaanza 1946. Sheria hiyo, ambayo bado tunayo ingawa imerekebishwa, yataka korti itazame umri wa mtu, tabia yake, mambo yake ya nyuma, nyumbani atokako, na afya yake ya mwili na akili. Mtu huwekwa chini ya probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3, naye hana budi kukubali mwenyewe. Sasa nani atakayemweleza hakimu juu ya nyumbani atokako mtu? Hakimu hatoki kitini. Humtegemea ofisa, na ofisa humtegemea msimamizi amwonyeshe njia.

Upande wa ustawi wa jamii nao una historia yake katika mitaa hii hii. Ukumbi wa Pumwani, ukumbi wa Kaloleni, wa Bahati na nyinginezo zilikuwa na wafanya kazi wa Kiafrika wa Baraza la Mji tangu zamani za Wakoloni, watu wa kuendesha michezo, madarasa ya jioni, vyama vya wanawake, na kusuluhisha magomvi ya nyumba. Juu yao alikaa ofisa Mzungu wa mambo ya Waafrika. Katika miaka ya 1940 alikuwa Bw. T. G. Askwith. Wengine wa watu wetu walitumwa Jeanes School, Kabete, wakajifunza kazi ya maendeleo ya jamii, lakini hata mtu akijifunza namna gani hakuweza kukaa katika kiti cha juu, kwa sababu sifa ya kwanza ya msimamizi siku zile ilikuwa rangi ya ngozi. Tom Mboya naye alijifunza Kabete, kazi ya ukaguzi wa afya, akaandikwa na Baraza la Jiji, na huko akaona Mwafrika na Mzungu wakifanya kazi moja kwa mishahara mbalimbali. Hayo ndiyo yaliyompeleka katika kazi ya vyama vya wafanya kazi. Na ukumbi wa Kaloleni ndio ule ambamo Makhan Singh, tarehe 23 Aprili 1950, alisimama akadai uhuru, kabla vyama vingi havijathubutu kulitamka neno hilo.

Tunayasema haya kwa sababu moja. Wazee wetu hawakupigana ili kiti cha msimamizi kihamishwe kutoka kwa rangi kwenda kwa karatasi. Walitaka kipewe anayeijua kazi.

Je, sisi tunadharau elimu? La. Kuna wanachama wanaotaka Chama kiseme kwamba digrii si kitu. Hatutasema hivyo, kwa maana si kweli. Siku hizi mtu anayeingia kazini kama ofisa wa probesheni hutakiwa digrii ya ustawi wa jamii, au sosholojia, saikolojia, kriminolojia, sheria na mengineyo ya namna hiyo, na jambo hilo ni zuri. Mambo ya korti yameongezeka sana. Tangu 1998 kuna sheria ya kutumikia jamii bila malipo badala ya kifungo, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3 au ambayo korti yaona yamestahili muda huo, na maofisa wetu ndio waendeshao kazi hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, ilimpa mtu aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa pana sababu nzito ya kumnyima, na hapo wakatakiwa maofisa waandike ripoti za dhamana pia. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, Korti ya Juu ikakataa hukumu ya kifo kuwa ya lazima kwa kila muuaji. Wafungwa wengi wa miaka mingi wakarudishwa kortini wapangiwe adhabu upya, na kila mmoja akahitaji ripoti: ametoka wapi, amebadilika namna gani, watu wa kijiji chake wanasemaje, jamaa za marehemu wanasemaje. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 ikaondoa umri wa zamani wa miaka 8 na kusema mtoto chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Mtu asiyesoma mambo haya atawapoteza wenziwe.

Kwa hiyo elimu itakiwe. Ugomvi wetu u mahali pawili.

Kwanza, elimu isiwe ndiyo sifa ya pekee. Matangazo mengi ya vyeo vya usimamizi Serikalini hutaja digrii, miaka kadhaa katika cheo cha chini, na kozi ya usimamizi isiyopungua wiki 2. Kozi hizo nyingi hufanyiwa Kabete, pale pale palipokuwa Jeanes School, iliyogeuzwa 1961 kuwa Kenya Institute of Administration na tangu 2012 ni Kenya School of Government. Wengi wetu tumekwenda. Tumefundishwa namna ya kuandika hesabu ya mwaka, namna ya kufanya mkutano, namna ya kumpima mtumishi kwa fomu. Ni mambo yenye manufaa. Lakini hatukufundishwa cha kufanya ofisa anapokuja saa 8 mchana na kusema, "Mkubwa, yule mtoto niliyesema arudishwe nyumbani amemchoma mtu kisu." Hilo mtu hulijua kwa kuwa limempata yeye mwenyewe, na palikuwa na mtu aliyemketisha chini akampa chai.

Twapendekeza basi kwamba hakuna mtu awekwe kuwasimamia maofisa wa probesheni, wa watoto, au wa ustawi wa jamii kabla hajafanya kazi hiyo mwenyewe miaka 5 ukumbini, mtaani au kortini. Miaka ya ofisi kuu isihesabiwe. Wako watakaosema miaka 5 ni mingi. Fundi wa cherehani pale Gikomba hamwachii mwanafunzi mkasi kwa wiki 2, nacho ni kitambaa tu.

Pili, mlango usifungwe kwa wazee wa kazi. Wako wenzetu walioingia zamani kwa cheti au diploma, wamehudumia mitaa hii miaka 20 na zaidi, wanajulikana kwa jina kutoka Shauri Moyo mpaka Umoja. Mama akiona mwanawe amepotea huenda kwao kabla ya kwenda polisi. Hawa huletewa kijana aliyemaliza chuo juzi awe mkubwa wao, nao ndio wamfundishao kazi kila siku bila cheo wala senti moja zaidi. Twataka pawe na njia iliyoandikwa ya mtu wa namna hii kufika usimamizi, kwa mtihani wa kazi na kwa ushuhuda wa mafaili yake, na masomo ya jioni yalipiwe na mwajiri. Na kwa wazee hao hao twasema: mkipewa nafasi ya kusoma, someni. Tumeona mtu akikataa kozi bure, kisha akaja kwetu kulalamika. Hatutamtetea.

Kuna sifa nyingine ambazo hatuzioni katika tangazo lo lote. Msimamizi awe anajua Kiswahili cha watu wanaoletwa kortini, na Sheng ya vijana pia, angalau ya kusikia, kwa maana siku moja tuliona maneno ya kijana yameandikwa katika ripoti kinyume kabisa cha alivyosema. Awe na mikono safi. Kila ofisa wa mitaa hii amewahi kunong'onezwa, "Andika vizuri, tutaonana," na msimamizi ambaye mwenyewe huonana na watu hana mdomo wa kumkataza mdogo wake. Na awe mtu anayeweza kutunza siri ya faili, asiitoe kwenye matatu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Alfred Kadushin, aliandika kitabu juu ya usimamizi wa kazi hii mwaka 1976, akasema msimamizi ana kazi za namna tatu: kutawala kazi, kufundisha, na kumtegemeza mfanya kazi asianguke. Katika ofisi zetu twaiona ya kwanza tu. Kutawala kupo tele. Kufundisha kumeachiwa wazee tuliowataja. Kutegemeza hakupo, na mtu akikutaja huambiwa amekuja kazini kufanya kazi na si kubembelezwa.

Lakini tazameni kazi hii ilivyo. Mwalimu wa shule huona watoto 50 na jioni huenda zake. Ofisa wetu asubuhi husikiliza mtoto aliyenajisiwa na jamaa yake, mchana huzungumza na mume aliyempiga mkewe, jioni huingia nyumba ambamo mama ni mlevi wa chang'aa na watoto hawajala. Kesho vile vile. Baada ya miaka kadhaa moyo huwa kama kigaga. Huanza kuandika ripoti zote kwa maneno mamoja, kama karani anayejaza risiti. Wengine huanza kunywa, nasi twawajua. Msimamizi aliye na macho huyaona haya mapema, akambadilishia mtu kazi kwa muda, au akaketi naye. Asiye na macho huandika "uvivu" katika fomu.

Kwa hiyo twataka saa moja kila juma, au kwa uchache kila juma la pili, ambayo msimamizi ataketi na kila mfanya kazi wake peke yake, mlango umefungwa, simu imewekwa kando, wakapitia mafaili. Saa hiyo iandikwe katika daftari na ihesabiwe kuwa kazi. Isiwe hisani. Hapo ndipo yule ofisa mpya angeulizwa, "Ulikwenda saa ngapi?" Swali hilo moja lingemwokoa kijana yule miezi ile yote.

Tena msimamizi na agawe mafaili kwa hesabu ya haki. Haifai mtu mmoja awe na ripoti 12 kwa juma na mwenziwe 4 kwa sababu wanatoka kijiji kimoja na mkubwa. Faili la Dandora na faili la mtaa wa karibu na ofisi si sawa hata kama karatasi ni zile zile, kwa maana la kwanza lina nauli ya matatu 2 kwenda na 2 kurudi. Na nauli hiyo yatoka wapi? Mara nyingi yatoka mfukoni mwa ofisa. Msimamizi ndiye wa kuidai juu, kwa maandishi, kila mwezi, hata akichukiwa. Vivyo hivyo asimtume mwanamke peke yake usiku katika nyumba asiyoijua. Tumesema kubisha hodi jioni ni kuzuri. Basi waende wawili wawili, au na mzee wa Nyumba Kumi, na msimamizi ajue wamekwenda wapi na alale amekwisha sikia kwamba wamerudi.

Msimamizi mwenyewe awe anatoka. Mara moja kwa mwezi aende na kila mfanya kazi wake mtaani, akae kimya, aangalie anavyozungumza na watu. Na siku nyingine akae nyuma kortini asikie hakimu anavyoipokea ripoti. Wako wasimamizi wanaofanya hivi, na katika ofisi zao hata sura za watu ni nyingine. Hao twawashukuru, ingawa wao hawataki tuwataje.

Wako pia maofisa wa kujitolea, mpango uliofuata mfano wa Japani, ambako wananchi wengi, zaidi ya 40,000, wamekuwa wakiwaangalia watu wa probesheni bila mshahara. Ni msaada mkubwa katika mitaa yenye watu wengi. Lakini mtu wa kujitolea naye lazima afundishwe na aangaliwe, na kazi hiyo imetupwa juu ya ofisa mdogo bila kupunguziwa faili hata moja. Ni juu ya msimamizi kuibeba.

Jambo la mwisho la wajibu ni gumu zaidi. Sahihi ya msimamizi katika ripoti iwe na maana. Akitia sahihi, amesema, "Nimeisoma, nimeuliza, nami nasimama nayo." Ripoti ikiharibika, barua ya onyo iandikwe kwa wawili, na ya msimamizi itangulie. Tukilipata hili moja, mihuri ya haraka haraka itapungua yenyewe.

Na sisi je? Tusijifanye malaika. Kuna ripoti za mezani, nanyi mnajua tunasema nini. Mtu huandika "nilitembelea nyumbani" naye hakuvuka Jogoo Road. Hupiga simu moja kwa chifu, akajaza kurasa 3. Mwaka huu tumeletewa mashauri mawili ya namna hiyo na yote mawili tumewaambia wenye nayo kwamba Chama kitahakikisha wanasikilizwa kwa haki, lakini hakitasema uongo kwa ajili yao. Wengine hukwepa msimamizi aliye hodari na kumsifu aliye mlegevu, wakasema ni mtu wa watu. Mtu wa watu gani? Ukimwuliza yule mama wa risiti, atakwambia alivyomwona.

Kwa miaka mingi hatukuwa na mahali pa kuyasema haya. Chama cha watumishi wa Serikali kilivunjwa 1980 na hakikuandikwa tena mpaka 2001. Kwa miaka hiyo 21 mtumishi mdogo alipoonewa na msimamizi alimeza mate. Tabia ile ya kumeza imebaki kwa wengi wetu, na wasimamizi wengine waliokua wakati ule waliizoea. Lakini sasa kifungu cha 41 cha Katiba chatupa haki ya kazi yenye uadilifu na ya kuwa na chama. Mkataba wetu na mwajiri una maneno mengi juu ya likizo na marupurupu. Juu ya usimamizi hauna neno hata moja. Halmashauri ya tawi imekubali kwamba safari hii tudai kifungu kimoja kiandikwe, chenye mambo matano: miaka 5 ya kazi ya mtaani kabla ya usimamizi, njia ya wenye cheti na diploma, saa ya kuketi na kila mfanya kazi, idadi ya mwisho ya watu na mafaili chini ya msimamizi mmoja, na sahihi ya pamoja katika ripoti.

Idadi hiyo hatujaipanga. Hapo ndipo twataka msaada wenu. Kila ofisi ihesabu kwa mwezi mmoja: maofisa ni wangapi, ripoti ni ngapi, safari za mtaani ni ngapi, nauli imelipwa na nani, na msimamizi ameketi na kila mtu mara ngapi. Msiweke majina ya washtakiwa wala ya watoto. Andikeni kwa mkono ikiwa hakuna mashine, mumpe mwakilishi wa Chama katika ofisi yenu kabla ya mkutano ujao wa tawi, naye ataileta. Walio na woga wa kuandika majina yao wasiandike.

Yule ofisa mpya sasa ana miaka 3 kazini na amekwisha leta hesabu yake. Ameongeza karatasi moja ambayo hatukuiomba: orodha ya kazi za watu wa mtaa wake na saa ambazo kila mmoja hupatikana nyumbani. Muuza mboga, saa 1 jioni. Askari wa usiku, saa 4 asubuhi, lakini mbishe polepole. Utingo wa matatu, Jumatatu tu. Tutaipiga chapa katika toleo lijalo, na mwenye kujua mengine atuletee.